Migunga Juu ya Nyayo

Kosa lililokaribia kutupokonya nyayo za Laetoli lilifanywa na watu waliozipenda kuliko mtu mwingine yeyote, na walilifanya siku zile zile walipokuwa wakizilinda. Kwa sababu hiyo naona kisa hiki kinastahili kusomeshwa kwa kila afisa utamaduni wa wilaya, kila diwani mwenye magofu au mapango katika kata yake, na kila mwanafunzi wa akiolojia kabla hajakabidhiwa mwiko wa kuchimbia.

Laetoli iko ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kiasi cha kilomita 45 kusini mwa Bonde la Oldupai, katika nchi ya wafugaji wa Kimasai. Miaka milioni 3.66 iliyopita majivu ya volkano yalianguka hapo, mvua nyepesi ikayalowesha, na viumbe wakayakanyaga yangali mabichi: tembo, twiga, kanga, sungura. Zamadamu nao walipita, wakitembea kwa miguu miwili, wakielekea upande mmoja. Majivu yakakauka yakawa jiwe, mengine yakaanguka juu yake, na njia ile ikafichika kwa muda ambao akili haiwezi kuushika.

Mwaka 1976 wenzake mwanaakiolojia Mary Leakey waliona kwanza nyayo za wanyama. Mwaka 1978 Paul Abell, mmoja wa timu yake, akaona alama ya kisigino iliyofanana mno na cha binadamu. Msimu wa uchimbaji wa 1979 ulipokwisha, njia ya karibu mita 27 yenye nyayo zipatazo 70 ilikuwa imefunuliwa. Mfupa huhitaji kubishaniwa: je, nyonga hii ni ya kiumbe kilichosimama wima, au cha kupanda miti? Unyayo hauna ubishi wa namna hiyo. Kisigino kimetangulia kuzama, uzito umepita ukingoni mwa mguu, kidole gumba kimelala sambamba na wenzake. Dunia ilijifunza kutoka kwenye kipande kimoja cha ardhi ya Tanzania kwamba jamaa zetu wa kale walitembea wima kabla ubongo wao haujakua, na kabla ya zana yoyote ya mawe tunayoijua kuchongwa.

Likaja swali gumu: zifanywe nini? Jiwe lile ni majivu yaliyoshikamana, si granaiti. Jua la mchana na baridi ya usiku hulipasua, mvua hulimomonyoa, kwato za ng'ombe hulivunja. Hapakuwa na barabara ya maana, wala umeme, wala jengo la kuzisitiri. Timu ya Mary Leakey ilipiga picha, ikachora, ikatengeneza nakala kwa kumimina kwenye kalibu, kisha ikaamua kuzifukia tena. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na nausema hivyo kwa kuwa wengi wakisikia kilichofuata hudhani kosa lilikuwa kufukia. Udongo ndio uliozilinda nyayo hizo kwa mamilioni ya miaka. Hakuna kabati la makumbusho lenye rekodi kama hiyo.

Walichukua mchanga wa mto uliokuwa karibu wakaumimina juu ya nyayo, wakatandika nailoni, na juu kabisa wakapanga mawe ya volkano ili maji yasichukue mchanga na mifugo isikanyage. Kwa macho ya siku ile kazi ilikuwa nzuri.

Lakini mchanga ule haukuchekechwa. Ndani yake mlikuwa na mbegu za migunga zilizoletwa na mto. Mawe yaliyopangwa juu yakatunza unyevu, yakaikinga miche michanga isiliwe na mbuzi, na kulifanya lile tuta liwe mahali pazuri pa kuota kuliko mbuga yote iliyolizunguka. Kila kitu kilichowekwa ili kuzilinda nyayo kikawa kinawalea maadui zake. Kufikia mwaka 1992 migunga juu ya tuta ilikuwa imepita urefu wa mita mbili, na mizizi yake ilikuwa ikishuka kuelekea kwenye jiwe lenye nyayo.

Mgunga hauoti kwa usiku mmoja. Mche wa mgunga wa masika ya kwanza hung'olewa kwa vidole viwili. Wa masika ya pili huhitaji jembe. Wa masika ya kumi unahitaji shoka, dawa, wataalamu kutoka mabara matatu na miaka kadhaa ya kazi. Mtu mmoja wa kijijini, akiwa na ujira mdogo na amri ya kupita pale kila baada ya mvua, angeimaliza hatari hiyo kabla haijapata jina.

Sasa tazama ilivyokuwa kwenye karatasi. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979, mwaka ule ule nyayo zilipofukiwa. Mwaka huo huo Ngorongoro iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Basi ukisoma majalada, mwaka 1979 ndio Laetoli ilipovikwa ulinzi mkubwa kuliko wakati wowote: sheria ya nchi imenolewa, jina la hifadhi limetangazwa duniani, nyayo zenyewe ziko chini ya mchanga na mawe. Na mwaka huo ndio mbegu zilipopandwa.

Sheria ile ni nzuri kwa mengi. Inakataza mtu kuchimba bila kibali. Inamtaka anayegundua masalia ya kale atoe taarifa kwa mamlaka. Inazuia kuyasafirisha nje ya nchi bila ruhusa na inaweka adhabu kwa anayeharibu. Ukiisoma kwa makini, hata hivyo, utaona inamjua vizuri mharibifu mwenye mikono: mchimbaji haramu, mfanyabiashara, mtu anayebomoa gofu ili apate mawe ya kujengea. Mharibifu asiye na mikono haimjui. Mzizi haushtakiwi, mvua haipelekwi mahakamani, na ofisi iliyokaa miaka kadhaa bila kutuma mtu haionekani kuwa imevunja kifungu chochote. Nadhani hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili. Tumezoea kuuliza ni nani anakatazwa kugusa. Ni mara chache tunauliza ni nani amelazimishwa kurudi.

Idara ya Mambo ya Kale iliona hatari na haikukaa kimya. Iliingia ubia na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani. Mwaka 1993 wakafungua sehemu ndogo ya tuta kutazama hali ilivyo. Palipokuwa hapana mizizi, nyayo zilikuwa nzima. Palipokuwa na mizizi, ilikuwa imejitandaza juu ya jiwe na mahali pengine imepenya. Migunga ikakatwa, visiki vikapakwa dawa ili visichipue, wakasubiri vife. Mwaka 1995 walifungua upande wa kusini, mwaka 1996 upande wa kaskazini.

Aliyewahi kung'oa mzizi kwenye ukuta wa udongo anajua hofu yake: ukivuta, unatoka na ukuta. Kwa hiyo hawakuvuta. Waliikata mizizi kipande kwa kipande kwa misumeno midogo ya umeme, wakaacha sehemu zilizoshikana na jiwe, wakajaza mianya pale kingo za unyayo zilipotishia kubomoka. Kila hatua ilipigwa picha na kupimwa upya. Habari ikawa njema kuliko walivyoogopa, kwa kuwa mizizi mingi ilipofika kwenye lile jiwe gumu iligeuka ikatambaa badala ya kuzama. Nyayo nyingi zilipona. Tusijipongeze kwa hilo. Zilipona kwa sababu ya tabia ya mizizi, na tabia hiyo haikuwemo katika mpango wa mtu yeyote.

Kisha wakafukia tena, na hapa kuna somo kwa mhandisi yeyote. Mbinu ilikuwa ile ile ya 1979: mchanga, kizuizi, mawe. Tofauti ilikuwa katika mambo madogo. Safari hii mchanga ulichekechwa. Nailoni, ambayo haipumui, ikaachwa, pakatandikwa vitambaa maalumu vinavyopitisha hewa na maji, kimojawapo kikiwa na vinundu vinavyotoa polepole dawa ya kuzuia mizizi. Tuta likapewa umbo la kumwaga maji ya mvua pembeni. Na jambo ambalo halikuwa na gharama kubwa kuliko yote hayo: palizi ikaingizwa katika mpango. Miche iwe inang'olewa kila mwaka, kwa ratiba, na watu wanaojulikana.

Watu hao walitoka hapo hapo. Ng'ombe wanaopita Laetoli wana wenyewe, na wenyewe hao wameijua ardhi ile kabla ya wanasayansi. Wazee wa Kimasai walikutana na watafiti, wakaelezwa kilichoko chini ya tuta na kwa nini hakifai kukanyagwa. Mwaka 1996 laiboni, kiongozi wa kiroho wa Kimasai, aliongoza ibada pale pale, kondoo akachinjwa, na mahali pale pakapata heshima kwa lugha ambayo jamii inaielewa. Walinzi wakaajiriwa kutoka kwa wenyeji. Wako wanaodhani ibada ile ilikuwa pambo la mradi. Mimi naona ndiyo iliyokuwa tangazo halisi la kisheria, maana tangazo la gazeti la serikali halisomwi na mchungaji wa miaka kumi na mbili, na mchungaji huyo ndiye anayeamua kila siku ng'ombe wapite wapi.

Kondoa inatuonyesha hali inavyokuwa pale uelewano huo unapokosekana. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Katika pango la Mongomi wa Kolo, mojawapo ya yale maarufu, watu bado hufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji. Pombe hunyunyizwa mwambani kama sehemu ya maombi. Mhifadhi akiiona anaona doa juu ya rangi za kale, mzee akiiona anaona sala iliyofika. Sheria ya 1964 haiwasaidii kuelewana, kwa sababu iliandikwa kulinda vitu, na matambiko hayo yanayoendelea, yaliyoufanya mwamba uheshimiwe, hayana nafasi ndani yake. Mhifadhi akifuata herufi tu, atamfukuza mtu aliye na sababu kubwa kuliko wote ya kutaka mwamba ule uwepo kesho.

Na anapofukuzwa huyo, nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Kondoa ina imani iliyoenea kwamba Wajerumani walipokimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia walizika mali zao milimani. Watu wamechimba chini ya michoro wakitafuta dhahabu hiyo, wakapindua tabaka za udongo zenye mkaa, mifupa na vipande vya mawe ambavyo vingewaambia wataalamu michoro ile ina umri gani na waliochora walikula nini. Mchimbaji huyo haondoki na kitu. Nasi tunabaki na shimo, na tabaka zikishachanganyika hakuna maabara duniani inayoweza kuzipanga tena. Adhabu imo katika sheria, lakini pango liko mlimani, usiku ni mrefu, na askari yuko mbali. Mzee wa matambiko, ambaye angempigia kelele kijana yule, tayari ameambiwa kwamba pale si pake.

Huko Kilwa Kisiwani pia mambo yalifika pabaya. Magofu yake na ya Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakahamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa mawimbi, mvua na mimea iliyokuwa ikipasua kuta. Ilichukua miaka kumi ya kazi ya mafundi, wanakijiji na wafadhili kabla hayajatolewa humo mwaka 2014. Hata huko, sehemu ya maradhi ilikuwa majani na mizizi.

Lakini sheria na taratibu zikitekelezwa kwa ukamilifu huleta zaidi ya walichotarajia walioziandika, na Laetoli yenyewe ni shahidi. Baada ya miaka mingi ya mjadala kama nyayo zifunguliwe ili watu wazione, ulikuja mpango wa kujenga jumba la makumbusho pale pale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa kuanza, na kwa eneo kama hili tathmini ya malikale haikwepeki. Timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiongozwa na Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, ilichimba mashimo ya majaribio, ya mita mbili kwa mbili, mahali ambapo ujenzi ungegusa. Kiasi cha mita 150 kutoka kwenye njia ya 1978, ndani ya mashimo hayo, walikuta nyayo nyingine za zamadamu, katika jiwe la majivu yale yale. Mmoja wao alikadiriwa kuwa na urefu wa karibu sentimita 165, mrefu kuliko wote waliojulikana pale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Fikiria kama tathmini ile ingefanywa kwa kukaa ofisini, kama zinavyofanywa nyingine nyingi, mshauri akinakili ripoti ya mradi uliopita na kubadilisha jina la wilaya. Misingi ya jumba la kuonyesha nyayo ingechimbwa juu ya nyayo. Nondo zingepita katikati ya unyayo wa mtu aliyetembea pale miaka milioni 3.66 iliyopita, na hakuna ambaye angejua. Nimewasikia wakandarasi na hata maofisa wakiiita tathmini ya malikale kikwazo cha maendeleo, muhuri wa kulipia ili kazi ianze. Wapelekwe Laetoli wakaonyeshwe mashimo hayo yalikochimbwa.

Mjadala wa kufungua nyayo za kwanza haujafa, na hoja za pande zote zina uzito. Mtanzania anasafiri hadi Oldupai, analipa kiingilio, anaona nakala. Anauliza kwa haki: kwa nini urithi wangu ubaki chini ya mchanga? Wanaotaka zifunguliwe wanaongeza kwamba mmomonyoko unaendelea kulikata eneo lile, kwa hiyo kufukia nako si kinga ya milele. Wanaopinga wanakumbusha kwamba jengo juu ya nyayo litahitaji kudhibiti joto na unyevu mchana na usiku, mahali penye umeme wa kubahatisha. Mimi nina upande katika hili. Nchi ambayo haijathibitisha kwa miaka ishirini mfululizo kwamba inaweza kulipa mishahara ya walinzi na kung'oa miche kila baada ya masika haipaswi kujifunga kuendesha mitambo ya hewa kwa miaka mia. Ikithibitisha, nitakuwa wa kwanza kupanga foleni.

Maana uzinduzi hupata fedha kwa urahisi. Wafadhili hupenda utepe, bango na picha ya waziri. Mwaka wa kumi na moja hauna utepe. Ni mwaka wa kununua tena wavu wa uzio, kuzibua mitaro, kubadilisha kile kitambaa ambacho dawa yake imekwisha nguvu, kumlipa mlinzi ambaye hakuna mgeni rasmi anayemjua. Mipango ya usimamizi ya maeneo yetu ya kale huwa na kurasa nyingi za historia na ramani za rangi, na nikitafuta ukurasa wa kazi za mwaka wa kumi na moja aghalabu siupati.

Sheria yetu ya 1964 inahitaji kufunguliwa upya, na sababu ziko nyingi. Kwa ufafanuzi wake, kitu cha kale kilichotengenezwa na binadamu hulindwa moja kwa moja kama ni cha kabla ya mwaka 1863, hivyo mahandaki na maboma ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 hulazimika kusubiri tangazo la waziri. Matambiko kama ya Kondoa hayamo. Adhabu zimezeeka. Sera ya Malikale ya 2008 iligusa baadhi ya hayo, lakini sera haimfungi mtu. Yote hayo yarekebishwe. Ila muswada utakapofika bungeni, ningeomba kifungu cha kwanza kuandikwa kiwe cha matunzo: kwamba kila eneo linalotangazwa kuwa chini ya ulinzi liwe, siku hiyo hiyo ya kutangazwa, na cheo kinachowajibika kulikagua baada ya kila msimu wa mvua, na fungu la bajeti ambalo haliwezi kuhamishiwa kazi nyingine, na ripoti ya ukaguzi ya kila mwaka, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi ya kijiji, ambayo mfugaji wa Endulen, jirani na Laetoli, anaweza kuisoma, na akikuta imeandikwa kwamba tuta ni safi wakati yeye ameuona mgunga, awe na mahali pa kulalamika na ofisa wa kumjibu kwa mujibu wa sheria.